Jina la Kutaja Banioni

Aliye na kikohozi akohoe sasa, na mwenye usingizi akalale kwao, maana hadithi hii nikiianza sirudi nyuma. Shule niliacha darasa la nne, lakini kwa hadithi hii moja nimewafunga midomo walimu wakuu. Mmoja wao mpaka leo akiniona njiani huinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Huko Vuruko, milimani, waliishi watu watatu waliojaliwa, na wa nne ambaye siku ya kugawiwa vipaji nadhani alikuwa ameenda kuchuma kunde.

Wa kwanza ni Shangazi Namsifu. Huyu alikuwa hasahau. Ukimsalimia leo, mwakani atakwambia ulivaa nini na ulikuwa unamdanganya nani.

Wa pili ni Mzava, dalali wa mbuzi. Huyu alikuwa anajua kuuliza. Atakuuliza mbuzi ana umri gani, utajibu. Atauliza alizaliwa mbele ya nani, utajibu. Atauliza mbona basi ameinamisha kichwa kama anayeona aibu, na hapo utamwachia mbuzi ili mradi anyamaze.

Wa tatu ni Nakunda. Huyu alikuwa habahatishi. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza macho yakiwa chunguni: "Unajua au unadhani?" Nusu ya uvumi wa Vuruko ulifia mlangoni kwake.

Na wa nne ni Kajiru, mume wa Nakunda. Mtu wa kawaida tu, kama wewe hapo, usininunie. Akitumwa chumvi alirudi na kiberiti, na akiulizwa kiberiti cha nini alicheka pamoja na wanaomcheka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huanza kusogeleana. Vuruko wanaishi kwa mtaro mmoja. Maji hutoka mtoni juu kabisa, kwenye banio, yaani lile tundu linalozibwa kwa magome ya migomba na udongo. Kila nyumba ina zamu yake, na mwenye zamu hupanda peke yake jua likiwa utosini, huzibua tundu, kisha hasemi na mtu mpaka maji yafike shamba la mwisho. Nyumba ikiruka zamu, hainyweshi tena. Ndiyo sheria yao, hawakuniuliza mimi.

Na humo tunduni mwa banio mlikuwa na kitu. Hakikumgusa kila mtu. Kilimchagua mtu na kumwita kwanza: maji yapitayo mbele ya nyumba yake yalitamka jina lake mchana kweupe, watu wakisikia. Zamu yake ikifika, kilimuuliza maswali. Akishindwa, hakufa. Afadhali angekufa. Alirudi nyumbani, akala, akalima, akalala, ila ndani hamna mtu. Waliwaita maganda. Ukimwita ganda, anageuka na kutabasamu kama mgeni aliyekosea nyumba. Na kila adhuhuri maganda yote ya Vuruko yalisimamisha majembe pamoja, yakageuzia nyuso mlimani, midomo ikicheza bila sauti.

Senkondo, mwana wa pekee wa Shangazi Namsifu, alikuwa ganda. Baba yake Mzava alikuwa ganda. Mama mzazi wa Nakunda alikuwa ganda, na Nakunda ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Basi mwaka huo, mahindi yamepandwa juzijuzi, Kajiru anaosha jembe, maji yakasema: "Kajiru."

Jirani mmoja akasema, "Hata hicho kitu kimeishiwa. Kimewamaliza wenye akili, sasa kinakula makapi."

Wakacheka. Kajiru naye akacheka, kwa mazoea. Halafu akaona mkewe hacheki.

"Zamu yetu ni mahindi yakitoa mbelewele," Nakunda akasema. "Tuna muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kukuerevusha."

"Mama Kiangi, mtu huzaliwa na akili yake."

"Unajua au unadhani?"

Na hivyo ndivyo Nakunda alivyomfundisha, toka siku hiyo, kwa kumchosha. Kila neno lililomtoka Kajiru alilipima. Ng'ombe ana mimba: unajua au unadhani? Mtoto wetu Kiangi amelala: unajua au unadhani? Mwanzoni Kajiru alikasirika akahamishia chakula chake uani. Kisha akaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajafungua mdomo, na akagundua kitu kilichomtisha: karibu yote aliyoyajua maishani alikuwa anayadhani.

Kisha Nakunda akawaita wale wengine wawili wamsaidie. Shangazi Namsifu alimfundisha kwa mawe. Alimtembeza kando ya mtaro, akamwekesha jina juu ya kila jiwe, jina la kila ganda tangu wa kwanza. Kesho yake akamwamuru apite akayaokote.

"Jiwe hili nani?"

"Nimesahau, Shangazi."

"Hujasahau, hukuliweka vizuri. Rudi. Mwone amekalia jiwe, mwone miguu yake. Hawa nawabeba mimi peke yangu, mwanangu. Nikifa nani atajua walikuwa watu?"

Kajiru alirudi, na akarudi tena, mpaka akaweza kuufuata mtaro mzima akiwa amefumba macho kitandani, na watu wakiwa wamekaa juu ya mawe wanamsubiri. Alianza kuogopa kufumba macho.

Mzava alimfundisha mnadani. "Swali la kwanza ni ganda la ndizi, kila mtu anaweza kulimenya," alimwambia. "La pili ni nyama. Wewe tafuta la tatu, lile ambalo mwenye mbuzi hakuwahi kuliwazia."

"Nitalijuaje?"

"Atanyamaza, bwana. Ukiona mwongo amenyamaza, umefika."

Kajiru aliuliza ovyo, akatukanwa na wenye mbuzi, akauliza tena. Siku moja mzee mmoja mwenye beberu alinyamaza. Mzava alimshika Kajiru bega.

Mbelewele zikatoka. Kajiru akapanda mlimani, jua utosini, kivuli chake kimejikunja chini ya nyayo kama kinajificha. Akazibua tundu. Maji yakaanza kushuka. Ndege, niamini mimi, hakukuwa na hata mmoja.

"Nitajie wangu wote," tundu likasema.

Kajiru akafumba macho, akaufuata mtaro. Akaokota jina la kwanza, akalitaja. Tundu likajibu "Naam" kwa sauti ya bibi kizee. Akataja la pili, "Naam" ya mwanamume mwenye pumu. Kila jina liliitikia kwa sauti yake, karibu sana, kama wamejipanga nyuma ya sikio lake. La mwisho alisema, "Senkondo."

"Naam, kaka. Huku kuna baridi."

Hakukosa jina hata moja.

"Sasa niulize wewe," kile kitu kikasema. "Ukiniuliza nililokwisha kuulizwa, umekwisha."

Swali la wewe nani aliliona ni ganda. Unataka nini, hilo ni nyama. Kajiru akakaa akitafuta la tatu, jasho likimwingia machoni. Kisha akauliza: "Ulipokuwa bado huna akili ya mtu hata mmoja, ulikuwa unawaza nini?"

Kikanyamaza. Maji yenyewe yalisimama tunduni, yakiwa yamevimba kama shavu.

"Sikuwaza," kikasema baadaye, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu. "Nilikuwa maji ya kawaida. Mtu akainama kunywa, nikauona uso wake, nikautamani. Nami nilitaka tu kuerevuka, Kajiru. Ila sikuwa na shangazi."

Maji yakashuka tena.

"Sasa jaribio la tatu," tundu likasema. "Mkeo anafanya nini saa hii?"

Hapa ndugu zangu kila mmoja wetu angejibu, anapika. Saa ile Nakunda hupika. Moshi wa nyumba yake ulionekana kule chini, mweupe, umenyooka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kajiru akalirudisha.

"Sijui," akasema.

Na Nakunda kweli hakuwa anapika. Alikuwa nyuma ya mlango, ameukaza kwa mchi, amemkumbatia Kiangi, kwa sababu nje palikuwa na mtu anabisha taratibu akisema kwa sauti ya Kajiru: "Mama Kiangi, nifungulie. Jua kali." Kajiru alipotamka sijui, kubisha kukakoma.

"Umenishinda," tundu likasema. "Nitarudisha mmoja, mmoja tu, awe mzima kama alivyokuwa. Lakini sitampa yeyote tu. Nitamrudishia mtu wake yule aliyekufanya mwerevu. Nataka kujua akili inatoka wapi, ndilo jambo pekee ambalo wangu wote hawa hawajaniambia. Taja mtu mmoja. Ukitaja siye, nitakuchukua badala yake. Na jibu la 'sijui' halikubaliwi mara mbili. Una muda mpaka maji yafike shamba la mwisho."

Kajiru akainama juu ya tundu. Sheria haimruhusu kushuka kuuliza mtu. Kule chini maji yanapita shamba baada ya shamba, na kando ya mtaro wamesimama walimu wake watatu, Nakunda naye keshatoka ndani, hawajui lolote, kila mmoja ameshika mkono wa ganda lake.

Niliisimulia harusini, mama mmoja akasema ni Namsifu, maana bila kumbukumbu mtu hana cha kuuliza wala cha kutilia shaka. Muuza maziwa akamjibu, "Kumbukumbu hata punda anayo, njia ya kwao haisahau. Ni Mzava." Binti aliyekuwa akigawa pilau akatua sinia chini: "Na nani alianza? Nakunda ndiye aliyekataa kucheka. Bila yeye hao wengine wawili wasingeitwa kufundisha." Kijana mmoja, msomi huyo, akasema Kajiru ajitaje mwenyewe, kwani mawe aliyapita kwa miguu yake na matusi ya mnadani aliyala yeye. Sawa, nikamwambia, akijitaja na ikawa kweli, atarudishiwa nani, naye hana ganda? Na hao watatu atawatazamaje machoni? Kijana akala pilau yake.

Mimi jibu ninalo, lakini sigawi bure. Kwa sasa Kajiru mwacheni. Wewe ndiye uliyeinama pale, baridi ya tundu inakupanda usoni, na ndani humo watu wote wameacha kupumua wasikie. Maji yameshaingia shamba la mwisho, yamebakiza mstari mmoja wa mahindi. Unamtaja nani?