Ukoko wa Mpishi Shemboza

Mswaki ni kufuli la chungu. Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea. Methali hii ilianza hivi.

Shemboza alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni huko milimani Usambara. Alisonga ugali wa wanafunzi mia nne, na hakuna kazi aliyoipenda zaidi duniani. Ila mwili ulikuwa umemzidi, magoti yanauma, siku hizi anasonga ameketi. Mkuu wa shule akamwambia kwa upole kwamba muhula ukiisha bado hawezi kusimama, atahamishiwa stoo kuchambua maharage.

Masikini, Shemboza hakuwa hata na sahani yake. Alionja tu. Alionja mchuzi kiganjani, akaonja tena asije akawa amekosea, na jioni wanafunzi wakishakula alikwangua ukoko hadi sufuria ikang'aa. Mswaki aliupiga Jumapili tu, akiamini dawa ya meno huua ulimi wa mpishi.

Fizi zilipoanza kuvuja damu, akaenda kwa nesi wa shule, Bi Namkunda.

"Kaka Shemboza, ukishapakua chakula cha jioni, piga mswaki. Saa hiyo ulimi wako hauna kazi tena."

"Na magoti je?"

"Tuanze na mdomo. Mzigo wa magoti unapitia huko huko."

Jioni ile alirudi kutoka bombani, mdomo unanukia mnanaa. Msaidizi wake, Bi Tatu, alikuwa amemwekea ukoko. Akaumega, akatafuna, akakunja uso.

"Umeungua?"

"Haujaungua. Ni mchungu. Halafu nimeshausafisha mdomo, naona uchungu kuuchafua." Akautazama ukoko kama anayemsindikiza ndugu safarini. "Wape kuku."

"Makubwa! Basi na kuku wanunuliwe mswaki!"

Msije mkadanganyana: mswaki hauyeyushi mafuta. Ulimzuia tu kula mlo ambao hakuwahi kuuhesabu kuwa mlo. Akapungua taratibu, kilo kwa kilo, na baadhi ya jioni alikaa nje asisikie sufuria ikikwanguliwa.

Siku ya kufunga shule, mkuu alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Shemboza alisonga wima tangu uji hadi ugali ukaiva, jasho linamtiririka. Mkuu akaomba tonge, akala, akaondoka bila kuitaja stoo.

Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi, wakauliza Mzee Shemboza kala dawa gani. Bi Tatu akawajibu, naye hakuwa akicheka tena: mswaki ni kufuli la chungu.