Mguu wa Mpima Ardhi

Hadithi hii isome polepole, halafu mpelekee yule ndugu yako anayesema siku hizi wema ni ujinga.

Katika nchi moja yenye milima ya baridi palikuwa na msitu mkubwa, na ndani yake waliishi watu wa asali. Walichonga mizinga ya magogo, wakaitundika juu mitini, na kila ukoo ulijua miti yake tangu enzi za mababu. Hawakuwa na uzio wala hati. Wangemwekea nani uzio, na wao kwa wao walijuana?

Ikaja kampuni ya mbao. Walinzi wake wakachoma vibanda vilivyokuwa karibu na barabara, watu wakakimbilia ndani zaidi. Kisha kampuni hiyohiyo ikaenda mahakamani kudai ipewe msitu, ikisema ni pori tupu lisilo na mkaaji. Hebu ona ujanja huo.

Kesi ilipokaribia, kampuni ilimtuma mpima ardhi aitwaye Wandera azunguke msituni, kisha aje atoe ushahidi. Ukungu ukamtenga na wenzake. Tabutany, mjane aliyekuwa akikagua mizinga yake, ndiye aliyemkuta kando ya kijito, mguu umepasuliwa na jiwe, umevimba, mwenyewe akiweweseka kwa homa.

Tabutany alimtambua. Kofia ya yule mtu ilikuwa na nembo ileile ya waliomchomea nyumba. Moyo ulimwambia ageuke aende zake, maana hakuna ambaye angejua. Mwishowe akamwinua, akamwegemeza begani, wakaenda hivyo hivyo kwa kujikokota mpaka kwake.

Lesingo, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyewaongoza watu wa asali katika kutetea msitu. Alipomwona mgeni amelazwa kwenye kibanda cha shangazi yake, damu ilimchemka. Alisema huyo ndiye shahidi mkuu wa kampuni, na bila yeye kampuni haina kesi. Hakutaka auawe. Alitaka arudishwe tu pale alipookotwa.

"Lesingo," shangazi akamwambia, "tunadai nini kule mahakamani?"

"Tunadai kwetu."

"Haya. Mtu akiangukia kwenu, unamfanyaje?"

Lesingo akatoka nje. Tabutany akaliosha jeraha, akalipaka asali, akalifunga kwa kipande cha leso yake, na kila asubuhi akalifungua na kulifunga upya. Wandera alipoweza kusimama alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Alisindikizwa hadi barabarani, akaondoka akichechemea.

Sasa Lesingo akapata wazo jingine. Shangazi aende mahakamani, aeleze jinsi alivyomlisha na kumtibu mtu wa kampuni, na kesi itakuwa imekwisha. Tabutany alikataa katakata. Kwa watu wa asali, kutangaza alichokula mgeni kwako ni aibu kubwa kuliko kumnyima.

"Sitasimama mbele za watu nianze kuhesabu vijiko," alisema.

Lesingo alimnunia. Na kusema kweli, ningekuwa mimi ningemnunia pia, kwa kuwa msitu ulikuwa unaondoka hivihivi.

Siku ya kesi Wandera alipanda kizimbani amevaa suti. Wakili wa kampuni akamuuliza kama aliingia msituni, akasema aliingia. Akaulizwa kama alimwona mtu yeyote anayeishi humo. Wandera akatazama sakafu. Alikuwa na watoto shuleni, na riziki yake ilikuwa mikononi mwa kampuni.

"Sikuona mtu," akasema.

Watu wa asali wakaguna. Tabutany alihisi kama amezabwa kofi, na machozi yakamlengalenga. Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akauliza kama upande wa pili una swali kwa shahidi. Hawakuwa na wakili, na hasira ilimzuia Lesingo kuunda hata swali moja. Ndipo Tabutany akasimama.

Kila mtu alingoja amtukane. Lakini kwao, ukikutana na mtu uliyemtibu, huanzi neno lolote kabla hujamjulia hali, hata kama mmekosana.

"Mguu unaendeleaje, mwanangu?"

"Unaendelea vizuri, mama," Wandera akaitika, kama mtu yeyote aliyelelewa na wazazi wake. "Ile asali yako ilisaidia sana."

Kisha akasikia alichokisema.

Jaji akaweka kalamu chini. "Asali gani, shahidi? Na huyu mama mmejuana wapi?"

Mpima ardhi akafunika uso kwa viganja. Alipoufunua alieleza yote: kijito, kibanda, moto uliomtoa baridi, mizinga ya marehemu mume wa Tabutany na ya baba wa mumewe, bado imetundikwa kwenye miti ileile.

"Watu wapo, mheshimiwa," akamaliza. "Wao ndio walioniona mimi, la sivyo nisingekuwa hapa."

Msitu ukabaki na wenyewe. Wandera alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, na aliyemfuata nje ya mahakama kumnunulia chai alikuwa Lesingo.

Wapo wanaosema Tabutany alimtega. Mimi sidhani. Hata Lesingo alimuuliza wakiwa njiani kurudi: "Shangazi, ulijua atajibu vile?"

"Nijue nini?" akasema Tabutany. "Mara ya mwisho nilipouona, ule mguu ulikuwa bado una usaha."

Funzo: Unapopigania kwako, endelea kuishi kama mwenyeji. Wema uliomtendea adui bila kumsimanga unaweza kukutetea siku ambayo wewe mwenyewe huna la kusema.