Chai Ilivyomchagulia Bwana Kifaru Mashua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusafiri kama sisi, aliishi Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa akili, na mwoga wa maji kuliko mimi. Naam, kuliko mimi ninayeshika ukuta nikioga kwa beseni!

Siku moja Shakwe, ndege wa baharini, alimletea habari kutoka kisiwani. Mwanawe, Tunu, aliyekwenda kumsalimu shangazi yake, alikuwa na homa kali, na dawa kule ilikuwa imekwisha.

Bi Nguchiro akafunga chupa ya dawa kifuani, akakimbia mbio hadi kwa Fundi Kobe, mtengeneza mashua. Bahari ilikuwa inaunguruma nje ya mwamba unaoikinga bandari, guuu, guuu!

Gatini palikuwa na mashua mbili tu. Moja ilikuwa nyekundu, pana, chini bapa, yenye viti vya mito na madirisha makubwa. Nyingine ilikuwa nyeusi na nyembamba, tumbo limezama majini, mlango wake mdogo kama wa banda la kuku.

"Nyekundu ni ya kutembelea humu ndani ya mwamba," alisema Kobe. "Nyeusi ni ya bahari kuu. Chini kabisa nimeijaza mawe. Wimbi likiilaza, inaamka yenyewe."

"Basi nipe nyeusi, fundi! Nina safari ya haraka."

"Pole, dada. Hapa mkubwa ndiye huchagua kwanza, na mkubwa huyo anakuja."

Puu! Puu! Puu! Alikuwa Bwana Kifaru, kanzu nyeupe, kofia ya kushona.

"Mpwa wangu anaoa leo kisiwani," alinguruma. "Nimekusikia, Kobe. Nyeusi ni yangu. Nikiingia mimi humo, hata nzi hapati nafasi."

Kumwomba huyu? Bi Nguchiro akajiambia. Atanicheka tu. Ngoja nimzunguke.

"Hongera, bwana mkubwa!" akasema. "Lakini ingia kwanza uikalie. Nami nikumiminie chai."

Kobe, mkarimu siku zote, alikuwa na birika la chai kwa kila mgeni. Bi Nguchiro akajaza kikombe hadi ukingoni. Kifaru akaweka mguu mmoja ndani ya mashua nyeusi. Yumbu! Akaweka wa pili. Yumbu, yumbu! Chai ikamwagika, chwaa, juu ya kanzu.

"Mama yangu! Hii ni mashua au pembea?"

"Hebu tujaribu ile nyekundu, bwana."

Kifaru akaingia kwenye nyekundu, akajitupa juu ya mito. Mashua ikatulia tuli kama kitanda. Bi Nguchiro akakijaza tena kikombe, na hata tone moja halikumwagika.

"Lakini bwana," Kobe akaanza, "hapa gatini ni shwari. Kule nje..."

"Nyamaza, Kobe! Chai imeshasema."

"Yaani mimi mnyonge ndiye niingie kwenye pembea?" Bi Nguchiro akalia machozi ya uongo.

"Ninyi wadogo mmezoea kurushwarushwa," Kifaru akacheka.

Ujanja umefaulu! Lakini Bi Nguchiro akaona kitu. Kifaru alikuwa amebeba kanga ya bibi harusi kwenye ncha ya pembe, kwa uangalifu, isiguse matope. Moyo ukamchoma. Akatafuta kamba ndefu.

"Bwana mkubwa, mimi mwoga. Naomba unifunge nyuma yako. Nikizama, univute."

"Haya, funga, funga! Nitakukokota kama mbuzi."

Kobe alimfunga Bi Nguchiro koti shingoni, akamtia kipande cha tangawizi mdomoni, akapandisha matanga.

Ndani ya mwamba walikwenda vizuri, na Kifaru alikuwa akiimba. Walipotoka kwenye mlango wa mwamba, guuu! Wimbi la kwanza likapiga madirisha makubwa, pruuu, vioo vyote chini. La pili likaingia chini ya ule ubapa, likaibinua mashua nyekundu kama sahani. Ikabaki vivyo hivyo, tumbo juu.

"Nguchiro! Nguchiro wee! Nakufa!"

"Shika kamba, bwana! Usiiachie!"

Wimbi likailaza ile nyeusi ubavu. Ikalala, ikatetemeka, kisha ikaamka. Ikalazwa tena, ikaamka tena. Upepo ukaisukuma kisiwani, ikiwavuta nyuma Kifaru aliyeng'ang'ania kamba na ile mashua yake iliyopinduka.

Na Bi Nguchiro? Wanangu, mjanja wetu alikuwa amekumbatia ndoo. Uweee! Alitapika chai, akatapika tangawizi, akatapika hata asichokula.

"Hongera, mwerevu," alijiambia kati ya mawimbi. "Umepata ulichokitaka. Furahi basi. Uweee!"

Walipofika ufukweni hakuweza hata kusimama. Kifaru, aliyelowa chapachapa, kofia imekwenda na maji, alimkuta amejilaza mchangani akionyesha chupa kifuani.

"Mwanangu... homa... nyumba ya shangazi..."

Kifaru hakuuliza kitu. Akampandisha mgongoni, akakimbia, puu puu puu, akaipita nyumba ya harusi bila kugeuza shingo, hadi mlangoni kwa shangazi. Tunu akanywa dawa. Jua lilipopanda kichwani, akafumbua macho akaomba uji. Mama yake akalia, safari hii machozi ya kweli.

Baadaye Kifaru aliketi nje, akikamua kanzu.

"Ulijua ile nyekundu itapinduka."

"Nilijua, bwana."

"Na chai ile?"

"Ulikuwa ujanja wangu. Na kamba ilikuwa ya kukuvuta wewe, si mimi."

Kifaru akaiweka kanzu chini. "Lakini Bi Nguchiro, mbona hukuniambia mtoto anaumwa? Ningekupisha. Harusi ingenisubiri, au ningekula makombo."

"Sikujaribu hata kuomba, nilidhani utanicheka," Bi Nguchiro akasema. "Nilikuwa nimeshughulika mno kuwa mjanja."

Kifaru akacheka mpaka kuta zikatikisika, naye Bi Nguchiro, kwa aibu, akajicheka zaidi yake.

Basi, wanangu, kabla ya kumzunguka mtu, mwombeni kwanza. Huenda moyo wake ni mwema kuliko mnavyodhani.