Majaribio Juu ya Mgunga

Sogeeni, wajukuu. Na nyie wakubwa mnaojifanya mmepita tu, kaeni, mkeka haubagui. Nyamazeni kwanza. We Mwanaidi, acha kutafuna. Paukwa.

Pakawa gani hiyo ya wenye njaa? Tena. Paukwa.

Pakawa. Haya, hapo sawa.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na chuo chao mbugani. Walisoma nini, sijui, mie mwenyewe sikusoma. Ninachojua, walicheza mpira. Nyumbu kumi na mmoja walicheza, na Kanga kumi na wawili walishangilia. Kanga wote hao walikuwa ndugu, kiota kimoja. Nahodha wao aliitwa Bi Chanuo. Timu hiyo ya kushangilia aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake.

Sasa sikilizeni mambo. Nyumbu wakifunga goli, Kanga wanapiga vigelegele. Wakipiga vigelegele, wanashtuka. Wanashtushwa na nini? Na vigelegele vyao wenyewe. Purrr, huyu huku, yule kule. Nyumbu wakiona washangiliaji wanakimbia, wanasema simba huyo. Kiriri kiriri kiriri, nao wametoka. Uwanjani anabaki mwamuzi na mpira.

Wakafungwa na Fisi wa ng'ambo ya mto mabao kumi na manne. Fisi hata mpira hawakuujua. Walitembea nao tu mpaka golini, wakiongea mambo yao.

Mkuu wa chuo, Mzee Kifaru, akamwita Bi Chanuo. "Binti, mechi ijayo mkikimbia tena, timu yenu naivunja. Sehemu yenu nawapa Nyati wagaegae matopeni."

Bi Chanuo akaenda zake, shingo imelegea. Timu ya bibi yake ife mikononi mwake?

Njiani akakutana na Nungunungu, jina lake Siwatu.

"Shoga," Siwatu akasema, "mwaka wa tatu huu nataka kujiunga nanyi. Kila nikiuliza, naambiwa majaribio yamepita. Yanapita wapi, mbona hayapiti kwangu?"

"Lakini tunatangaza."

"Mnatangazia wapi?"

"Juu ya mgunga, tunapolala."

"Na majaribio mnafanyia wapi?"

"Hapo hapo juu, alfajiri, kabla hatujashuka."

Siwatu akamtazama. "Mimi na mgunga, nitaupandaje?"

"Ndiyo maana tukadhani hamtaki," alisema Bi Chanuo. Na wala hakuwa anatania. Tangu enzi za bibi yake, kila mwaka walishangaa jinsi wanyama wa chini wasivyopenda kushangilia.

Bi Chanuo akaona haya. Akasema, mwaka huu tunajaribiana chini. Akatangaza kisimani wanakokunywa wote, siku saba. Kila aliyekuja alipewa maji na pa kukaa kivulini. Akafundishwa hatua zile zile, mara nyingi kadiri apendavyo. Kiboko alifundishwa mara arobaini na hakuna aliyecheka.

"Utawachagua dada zako tu," Siwatu akasema. "Unawajua kwa madoa."

"Basi tupakane tope wote. Na majina tuyaache, tuchukue namba."

Wakapakana. Waamuzi wakawa Bi Chanuo, Mzee Kobe, na Ngiri wa kuandika alama.

Namba sita alikuwa na shingo iliyoupita mti.

"Huyu nani?" aliuliza Bi Chanuo.

"Hajulikani," alijibu Mzee Kobe. "Tope limemficha kabisa."

Namba sita akacheza hatua zote, hakukosea hata moja. Akaambiwa apaze sauti. Akafungua mdomo, kimya, hata upepo haukutoka. Mzee Kobe akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hatua unazo, sauti huna. Utatushikia bendera, ionekane mpaka ng'ambo."

Likaja jaribio la mwisho: kupiga kelele zako mwenyewe, halafu kubaki. Namba kumi na moja, ke-ke-kek, purrr, hayupo. Namba kumi na mbili, purrr. Kumi na tatu, purrr. Hivyo hivyo mpaka ishirini na moja.

"Hawa si dada zako?" Ngiri akauliza.

"Sijui," Bi Chanuo akajibu. "Wana tope."

Namba ishirini na mbili akatingisha mgongo. Chakacha, chakacha, chakacha. Tope likaruka, likamwingia Ngiri machoni. Akapaza sauti mpaka mgunga ukadondosha maua. Akabaki pale pale, anatabasamu.

Ngiri, huku anajifuta, akasema, "Nahodha hana namba."



"Mimi ndiye mwenye timu," alisema Bi Chanuo. "Niliachiwa na mama."

"Shoga, si lazima," Siwatu akamwambia.

Bi Chanuo akageuza shingo. Pale uwanjani Nyati walikuwa wameshafika, wanapima tope kwa kwato. Akashuka kwenye kichuguu cha waamuzi. Akajipaka. Akachukua namba ishirini na tatu. Akapiga kigelegele kizuri kuliko vyote vya siku ile. Purrr.

Walimkuta jioni, ng'ambo ya vichaka.

"Nimepata ngapi?"

"Hatua kumi, sauti kumi, kubaki sifuri," Siwatu akasema.

"Basi andikeni hivyo hivyo. Na mnifundishe."

Siku ya mechi ikafika, na Fisi wale wale. Nyumbu wakafunga goli. Chakacha, chakacha, na Kiboko nyuma yake, huuu. Nyumbu wakageuka kutazama. Washangiliaji wapo. Nao wakabaki. Walifungwa mawili kwa moja, lakini mechi waliimaliza, jambo lililokuwa halijaonekana. Fisi wakalalamika wamechoshwa. Mzee Kifaru akawarudisha Nyati kwao. Bi Chanuo alikuwa pembeni, amejaza nyasi masikioni, analia na kucheka.

Funzo lake ni hili, wajukuu. Ukitaka watu waje, watangazie mahali wanapofika. Kipimo kiwe kimoja kwa wote, na wewe mwenyewe ujipime nacho.

Siwatu akarithi unahodha, ndiyo maana nungunungu hutingisha mgongo hadi leo. Twiga akarithi bendera, akawa haoni haja ya sauti. Na Kanga wakarithi mazoezi. Mkisikia ke-ke-kek kichakani, ni wao, wanajaribu kubaki. Bado kidogo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliye karibu aibebe.