Ukurasa wa Mafunjo

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, yaani mkeka wako mkuukuu usiutupe kwa kuwa umeona mpya wa mpita njia. Gidion aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Lakini kuijua ni jambo moja, kuishika ni jingine!

Gidion alifundisha katika chuo kimoja cha Biblia kule Nyakato. Mwaka huo aliandaa maonyesho ya nakala za kurasa za mafunjo walizotumia Wakristo wa kwanza kuandikia Injili. Wageni walikuwa wengi, ila aliyemkaa moyoni ni mmoja tu: baba yake, Mzee Otuoma, katekista mstaafu wa Rorya, ambaye sasa alikuwa kipofu. "Baba, utashika ukurasa kama walioushika Wakristo wa kwanza," alimwahidi.

Mkewe Adoyo, msusi wa mikeka, aliivalia njuga kazi ya kuutengeneza ukurasa huo. Alikata mafunjo, yale matete ya ziwani, akayamenya, akachana kiini chake vipande vyembamba, akavipanga vikikingamana, akaviponda na kuvikandamiza kwa mawe hadi vikashikana kuwa ukurasa mmoja. Gidion akaandika juu yake herufi za Kigiriki kwa wino wa masizi.

Kumbe shetani wa tamaa hasinzii! Gidion alipita Nyamagana, akaona dukani kurasa za Injili za kuchapwa, za plastiki nyororo, zinang'aa. Akazinunua papo hapo.

"Mama Princess, huu wako una makunyanzi. Wageni watatucheka."

"Hata mimi nitaota makunyanzi, Baba Princess. Utanitupa wapi?"

Adoyo alicheka kwa mdomo tu, moyo ulimuuma. Ukurasa wake ukatiwa stoo ya chuo.

Siku ikafika. Mzee Otuoma aliingia akiongozwa na mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipe nishike!"

Gidion akamkabidhi ukurasa wa dukani. Mzee alipapasa juu, akapapasa chini. Uso wake uliokuwa umechangamka ukanywea.

"Gidion, mbona umenipa kalenda?"

Watu wakaangua kicheko. Gidion alitamani ardhi ipasuke immeze. Maskini baba yake, safari yote ile kuja kushika plastiki! Alikimbilia stoo, akakutana na Adoyo mlangoni, ukurasa mkononi.

"Nisamehe, mke wangu."

"Mpelekee baba kwanza. Wewe utaosha vyombo mpaka Krismasi."

Mzee alipitisha vidole taratibu, akaifuata mishipa ya mafunjo, akaunusa ukurasa.

"Lakini haya ni mafunjo! Mama yako alinitandikia mkeka wa haya siku ya arusi yetu." Akaunusa tena. "Miaka yote nimehubiri Injili, sikujua ilizaliwa juu ya mkeka kama wetu."

Machozi yakamtiririka. Gidion naye akalia, wala hakujificha.

"Nani kautengeneza?"

"Mke wangu, baba," Gidion alijibu, akamshika Adoyo mkono mbele ya wageni wote.

Wageni wakajipanga kuugusa ukurasa ule. Zile kurasa za dukani zilibaki ziking'aa peke yake mezani. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.