Viatu vya Benki vya Mama Lugano

Funguo mbili hulinda na kisichomo sandukuni.

Maneno hayo Atupele aliambiwa na shangazi zake walipokuwa wakimfunda kwa ajili ya ndoa. Kesho yake akayapeleka kwa Bibi Sekela, aliyekuwa akimenya ndizi na vijana wa jirani.

"Bibi, ufunguo utalindaje kitu ambacho hakimo?"

"Labda unalinda hewa," kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Bibi Sekela hakucheka. Aliweka kisu chini, akajifuta utomvu mikononi, akasema chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Palikuwa na mtu na mkewe, Ambakisye na Tusekile, huku huku kwetu kwenye vilima vya Rungwe. Watu waliwaita Baba Lugano na Mama Lugano, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Songea. Walilima chai, na fedha za chai waliziweka benki mjini Tukuyu, katika akaunti moja yenye majina mawili. Siku ya kuifungua karani aliwaambia, "Hili ni kama sanduku la funguo mbili. Mmoja wenu akija peke yake, halifunguki."

Ambakisye alikuwa mtu wa kununa. Akikasirika hakupiga wala hakutukana. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliweza kumaliza mwezi. Tusekile naye hakuwa mtu wa kumbembeleza aliyenuna. "Jiwe halibembelezwi," alikuwa akisema, "linakaliwa." Basi wangeweza kuishi nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Lakini mbolea ikiisha ilibidi waende benki, na benki hawakuweza kwenda ila wawili.

Walitoka asubuhi, mume mbele, mke hatua ishirini nyuma, bila neno. Kisha walifika mtoni. Daraja lilikuwa gogo moja, linateleza kwa mvua zetu hizi zisizokatika, na Tusekile aliogopa maji tangu utoto wake. Hapo Ambakisye alisimama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Tusekile akaushika. Wakishavuka, mkono haukuachiwa mara moja. Kabla ya kufika mjini mmoja wao alikuwa amekwisha kusema jambo, hata kama ni "matope ya leo yamezidi."

Mlangoni pa benki Tusekile alivaa viatu vyake vyeusi, ambavyo njia nzima alivibeba mkononi. Alimshika mumewe bega asianguke akivivaa. Viatu hivyo hakuvivaa kanisani wala harusini. Aliviita viatu vya benki. Wakitoka humo walikunywa chai, wakagawana chapati moja, wakarudi nyumbani wakiongea.

Miaka ikapita hivyo. Kisha benki nyingine ikafunguliwa mjini, ikatangaza kwamba atakayehamishia akiba yake kwao atapewa blanketi zito la sufu. Wakaenda wote wawili, na Ambakisye alipouliza, karani wa huko akamjibu, "Akaunti ya pamoja ni blanketi moja, mzee. Kila mtu akifungua yake, mnapata mawili."

"Mawili, Mama Lugano!" Ambakisye alisema, akilipapasa lile lililotandazwa mezani. "Na baridi hii ya Juni!"

"Letu lina ubaya gani? Mbona linatutosha?"

"Linakutosha wewe, unayelivuta lote upande wako."

Karani akacheka. Tusekile naye akacheka, kisha akainama akavitazama viatu vyake.

"Na daraja je, Baba Lugano? Siku ukininunia, nani atanishika mkono?"

"Mimi ni mtoto, ninune mpaka leo? Weka dole gumba, mama. Watu wamepanga foleni."

Tusekile akaweka dole gumba. Wakarudi na mablanketi mawili, kila mtu na lake kichwani, na tangu siku hiyo kila mtu akajifunika lake.

Ugomvi uliokuja haukuwa mkubwa. Kaka yake Tusekile, jina lake Angolile, alikuja kutembea kutoka Kyela, na Tusekile akamchinjia jogoo wakati Ambakisye yuko shambani. Jogoo huyo Ambakisye alimpenda kwa kuwika kwake. Aliporudi alikuta manyoya uani. Akanuna.

Mbolea ikaisha. Jumatatu Ambakisye akaenda benki peke yake. Alipokanyaga gogo, mkono wake ulinyooka nyuma wenyewe, ukakuta hewa. Akajiona mjinga, akauingiza mfukoni. Alhamisi Tusekile naye akaenda. Alizunguka kwa barabara kuu, mwendo mara mbili, asipite mtoni.

Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Siku moja Tusekile akafunga mzigo wake, akasimama mlangoni.

"Nakwenda Kyela kwa kaka. Wanavuna mpunga."

Ambakisye alitaka kumwuliza, "Utarudi lini?" Maneno yalifika kwenye meno, yakakwama hapo.

"Haya," alisema.

Tusekile alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Kila siku Ambakisye alijiambia kwamba kesho atamfuata. Mbolea ikaisha tena. Akaenda benki, akanunua, akarudi. Hapakuwa na kitu cha kumlazimisha.

Kisha ukaja ujumbe wa Angolile: "Shemeji, njoo. Dada anaumwa sana." Ambakisye akapanda basi la kwanza. Alipofika alikuta wanawake wamekwisha kukaa chini uani, na Angolile akaja kumpokea.

"Pole, shemeji. Ametutoka asubuhi hii."

Ambakisye akamwuliza, "Alinilaumu?"

"Hapana. Homa ilimchanganya. Tangu juzi alikuwa akidai viatu tu. 'Nipeni viatu vyangu vya benki, Baba Lugano ananingoja kwenye gogo, atalowa.' Tukamwambia leo benki imefungwa, dada, pumzika. Akakataa. Ikabidi tumvalishe."

Ambakisye akaingia ndani. Tusekile alikuwa amefunikwa lile blanketi la sufu, na miguu imetokeza ikiwa na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri. Alikuwa amevichukua kutoka nyumbani kwenda kuvuna mpunga. Ambakisye akapiga magoti, akaushika mkono wake, na hakuuachia mpaka wazee walipomwambia inatosha.

Kwenye matanga watu walimwuliza, kama watu wanavyouliza, iwapo ile benki mpya iliwadhulumu.

"Haikutudhulumu," alijibu. "Fedha zipo zote, zake na zangu. Lakini zile funguo mbili zilikuwa zikilinda na kisichomo sandukuni, nami nikaziuza kwa blanketi."

Bibi Sekela akaokota kisu chake, akaendelea kumenya.

"Na lile gogo, Bibi?" Atupele aliuliza.

"Siku hizi kuna daraja la zege. Mtu anapita peke yake bila kushikwa."

Atupele alichukua ndizi moja, akaishika bila kuimenya.

"Funguo mbili," alisema kwa sauti ndogo, "hulinda na kisichomo sandukuni."

Safari hii hakuna aliyecheka.