Mama Amepumzika

Ndugu zangu, wekeni Biblia zenu magotini kidogo. Nataka tuingie kwenye nyumba ya watu, tena tuingie taratibu, kwa sababu leo nyumba hiyo ina vilio.

Kulikuwa na mama mmoja, afisa mipango. Wa nchi gani? Msiniulize. Na kama kuna mtu humu anafanya kazi wizarani, asianze kujikuna, simsemi yeye. Mama huyu alikuwa hodari, na serikali yake ikamkabidhi kazi nzito: aandae mpango wa taifa zima kuhusu wazee, watibiwe wapi, wapate nini cha kuwasitiri, nani awatunze. Akaifanya kazi hiyo kwa moyo. Akazunguka mikoani, akaona wazee wanaolala njaa, akalia kwa machozi halisi. Mpango ulipokamilika, akaupa jina alilolichagua mwenyewe na kulipenda: Wazee Wapumzike.

Jina zuri, si ndiyo? Mbona hamsemi amina? Haya, asanteni.

Sasa, afisa huyu naye alikuwa na mzazi. Mama yake alikuwa mwanamke wa kijijini, si mbali sana na mji, na kule kijijini hakuna msiba uliopikwa bila yeye. Mtu akifariki, wanaume wanakwenda kutafuta majembe, na mmoja anatumwa mbio kwa bibi yule kuuliza mafiga yawekwe wapi. Yeye ndiye aliyejua unga wa kuwatosha waombolezaji, nani apewe kisu, na nani asisogezwe kabisa karibu na nyama. Mnawajua watu wa namna hiyo, ninyi mnaocheka pale nyuma mnawajua zaidi.

Siku moja bintiye alikwenda msibani kijijini, akamkuta mama yake ameinama kwenye moshi, kanga kaifunga kiunoni, jasho linamtiririka, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Moyo ukamuuma. Akajisemea, mimi naandika mpango wa wazee wa nchi nzima, halafu mama yangu mwenyewe anakufa na moshi! Juma lile lile akamchukua, akampeleka mjini.

Alimpenda mama yake, naomba tusimwonee. Alimpa chumba chenye dirisha kubwa, godoro laini, televisheni, na dada wa kazi wa kumfulia na kumpikia. Bibi akishika ufagio, anaambiwa, "Mama, pumzika." Akiinuka kusonga ugali, "Mama, acha, pumzika." Akitaka kwenda kumsalimia jirani, "Mama, jua kali hilo, utaanguka, pumzika." Hata simu ikawa kosa. Kila asubuhi ndugu wa kijijini walimpigia kumuuliza mambo yao: mbegu ya kunde imewekwa wapi, mahari ya fulani ilipangwaje, mtoto anayelia tumbo apewe nini. Bintiye akaona wanamchosha.

Bibi akaanza kupungua. Chakula anakionja na kukisogeza. Akiulizwa jambo anajibu baada ya kitambo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Kutwa nzima anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Alipopelekwa hospitali, daktari hakuona ugonjwa. Bintiye akasema, ni umri tu, anahitaji kupumzika zaidi.

Ikafika siku ya kuuwasilisha mpango mbele ya wakubwa. Asubuhi afisa yuko mlangoni, viatu mkononi, makabrasha kwapani. Mama yake akatoka chumbani, akaona beseni la viazi jikoni.

"Mwanangu, hivi viazi si mniachie nimenye? Mikono yangu imechoka kukaa."

"Mama, leo ndiyo siku yangu kubwa, usinianzishie. Nakuomba kwa mara ya mwisho, pumzika!"

Alisema kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia. Bibi akarudi chumbani akajilaza, akageukia ukutani. Na simu yake kule mezani ikaanza kuita, ndugu wale wale. Binti akaizima, akaitia kwenye droo, na akiwa tayari garini akaandika haraka kwenye kundi la ukoo, lile la kwenye simu, ujumbe mmoja kwa wote: "Ndugu zangu, Mama amepumzika. Naomba tusimpigie simu tena." Akatuma, akazima sauti ya simu yake, akaondoka.

Naona wengine mmeshika midomo. Subirini, tuko naye bado.

Ukumbini mambo yakaenda vizuri. Aliongea, wakubwa wakaandika, wapiga picha wakapiga. Palikuwa na wazee wachache walioalikwa kuwawakilisha wenzao, wamekalishwa viti vya mbele vyenye vitambaa. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Binti yangu, umesema vizuri kuhusu dawa na pensheni, Mungu akubariki, hayo tunayahitaji kweli. Ninachouliza ni hiki. Katika mpango wako huu, mimi nitafanya nini?"

Afisa akatabasamu. "Baba yangu, wewe umeshafanya. Sasa utapumzika."

Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akakaa, na afisa akamwona anakunja ncha ya koti lake na kuikunjua. Alikuwa ameshawahi kuiona ile mikono mahali.

Kikao kilipovunjwa, akaitoa simu. Simu alizokosa zilikuwa zimejaa kioo kizima: dada yake mkubwa wa kijijini, mjomba, shemeji, watu ambao huwa hawampigii ila pana jambo. Kabla hajafungua chochote, jirani yake akapiga.

"Wewe uko wapi? Tunakutafuta tangu mchana! Njoo nyumbani. Ndugu zako wamefika na gari la kukodi, wanalia, wanawake wanagaragara pale getini, mtaa mzima umejaa. Mama yako..."

Simu ikaisha chaji.

Ndugu zangu, mmewahi kuendesha gari huku hamuoni barabara? Afisa huyu aliendesha hivyo. Mdomo wake ulikuwa unarudia maneno mawili tu, mama, jamani, mama, jamani. Akajaribu kukumbuka sura ya mama yake asubuhi, akakumbuka mgongo tu, ule mgongo uliogeukia ukutani. Halafu likamjia neno lake mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Nani alimtuma aseme kwa mara ya mwisho? Angekuwa na uwezo wa kulirudisha neno lile angelitafuna na kulimeza pale pale. Viazi tu! Mama aliomba viazi. Mtu anamnyima mama yake viazi?

Alipokata kona ya mtaa wao, akaviona. Mabenchi ya majirani yamepangwa nje ya geti. Mikeka imetandikwa, wanawake wameketi na kanga vichwani. Turubai limefungwa. Moshi unapanda kutoka uani, moshi ule mzito wa masufuria makubwa, na kila mmoja wetu hapa anajua moshi ule una maana gani. Alishuka garini, akaanguka chini kwa magoti na suti yake ya kikao, akapiga ukelele ambao watu wa mtaa ule bado wanaukumbuka.

Cha ajabu, hakuna aliyemwinua. Macho ya waombolezaji yalikuwa mekundu, lakini walimtazama kwa hasira. Dada yake mkubwa akaja, akasimama mbele yake, hakumkumbatia.

"Dada," akasema huku analia, "nimemwacha asubuhi mzima. Nakuapia, nimemwacha mzima. Ilikuwaje?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyetuandikia."

"Nimeandika nini?"

Dada yake akageuza uso. "Nenda uani ukamwone."

Mnaelewa neno hilo msibani. Nenda ukamwone. Akainuka, akashika ukuta, akazunguka nyumba hatua kwa hatua. Kila hatua alitaka iwe ndefu, asifike. Akajiandaa kuona shuka jeupe. Akafumba macho pale kwenye kona, akamwomba Mungu nguvu, akayafumbua.

Akamwona mama yake amesimama.

Amesimama kwenye moshi, kanga kaifunga kiunoni, jasho linamtiririka, mwiko mkononi. Anamfokea mjomba mtu kwamba kuni mbichi hizo kaziokota wapi. Anamwelekeza dada wa kazi namna ya kukatakata nyama. Mashavu yake yana rangi ambayo bintiye hakuiona tangu siku aliyomtoa kijijini.

Mnacheka sasa. Ndugu walipousoma ujumbe ule wangeelewa nini? Mama amepumzika, tusimpigie simu tena. Wewe ungeelewa nini? Wakapiga simu ya mama, imezimwa. Wakapiga ya binti, haipokelewi. Wakakodi gari wakaja wanalia njia nzima. Dada wa kazi alikuwa sokoni, na majirani waliposikia vilio wakaleta mabenchi, wakafunga turubai, wakatoa masufuria, kama ilivyo desturi yetu, hatuulizi kwanza. Na marehemu akaamshwa na kilio, akatoka chumbani, akawakuta watu wake wamelala chini kwa ajili yake. Walipomaliza kushtuka na kumpapasa kama ni yeye, bibi akatazama umati ule, watu wametoka mbali, wana njaa. Akauliza swali moja tu: mafiga yako wapi?

Binti akamkimbilia, akamshika miguu, kicheko na kilio vimechanganyika. "Mama, nisamehe. Walinielewa vibaya. Sikumaanisha vile, walikosea kusoma."

Bibi akaacha kusonga. Watu wote uani wakasogea kusikiliza, hata mjomba na kuni zake.

"Hawakukosea, mwanangu. Walisoma sawasawa. Dada yako alipokuwa anagaragara pale nje ananililia, mimi nilisimama mlangoni nikamsikiliza, nikasema moyoni, afadhali huyu amejua. Mimi nimekufa siku nyingi humu ndani, wewe ulikuwa unalifanyia kaburi langu usafi tu."

Machozi yakamtoka binti upya, na safari hii hayakuwa ya mpango wa taifa.

"Nyamaza," bibi akamwambia. "Vua hivyo viatu vyako. Shika sufuria upande ule tuipue, ugali umeiva na watu wana njaa."

Wakaipua pamoja.

Sasa ndugu zangu, najua mtaniuliza ule mpango uliishia wapi. Kama lile jina lilifutwa kwenye jalada, kama yule mzee wa koti aliitwa tena akajibiwa swali lake. Sikuambii. Kwa sababu ukijua kwamba wakubwa walirekebisha, utakwenda nyumbani umeridhika, na mimi sitaki uridhike. Swali la yule mzee halikuulizwa wizarani tu. Limeulizwa nyumbani kwako. Mama yako, katika mpango wako, anafanya nini?

Sisi ni watu wema, tunatuma hela ya dawa, tunanunua godoro. Tuendelee, wala asitokee mtu hapa akasema mchungaji kakataza godoro. Mzee mgonjwa alale, aliyechoka apumzike, na serikali ifanye sehemu yake, tuidai. Lakini jamani, kumtunza mtu na kumzika havifanani. Kuna wazee katika mtaa huu ambao hakuna mtu aliyewauliza jambo lolote tangu mwaka uanze. Wanalishwa, wanafunikwa, wanasifiwa, na hakuna anayewaambia shika upande ule. Tumewaandikia tangazo la msiba wangali wanapumua, kisha tunajiita watoto wanaowaheshimu wazazi.

Na humu kanisani je? Yule mama aliyewafundisha nusu yenu kuimba, leo tumemwekea kiti chenye mto kule mbele, na kwaya inafanya mazoezi bila kumwita. Tukiulizwa, tunasema amepumzika. Mzee aliyepanga mawe ya msingi wa jengo hili yuko pale, nguzo ya pili, na kamati ya ujenzi imekutana wiki nzima bila kumuuliza hata maji ya mvua yanapita wapi. Naye tunasema apumzike. Nawauliza kwa upendo na kwa hasira pia: tunawapumzisha, au tunawaondoa njiani?

Leo jioni ukifika nyumbani, ukimkuta mzazi wako ananyoosha mkono kwenye beseni la viazi, usimwambie pumzika. Mpe kisu. Kisha kaa naye umenye.

Tumezoea hapa kusema, tusimame tuombe, wazee wetu waendelee kukaa. Leo tusimame. Mwenye magoti mabovu na akae, hakuna anayemlazimisha. Lakini sala ya kufunga ibada haitatoka kinywani mwangu. Bibi, wewe wa benchi la mbele, mwenye kanga ya bluu, usigeuke nyuma, ni wewe ninayekusema. Tunakusubiri. Tuongoze.